Neno "ajabu": mbona linasifu hapa na kulaumu pale?

#1. Mleta mada, Mbeya

Wanajamvi, nawasalimu kwa heshima.

Neno "ajabu" si geni kwa yeyote anayezungumza Kiswahili. Mtoto wa chekechea analijua, mhubiri analitumia, na mwandishi wa habari hawezi kumaliza juma bila kuliandika. Hata hivyo ni neno linalompa mtu sifa mahali pamoja na kumvua heshima mahali pengine, wala hakuna herufi yake hata moja iliyobadilika. Tukisema "binti huyu ni mzuri ajabu", wazazi wake watafurahi. Tukisema "binti huyu ni wa ajabu", wazazi hao hao watataka kujua amefanya nini. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari za mkoa huu kwa muda mrefu, na swali hili wanafunzi hawaachi kuliuliza. Jibu ambalo walimu wengi hulitoa, kwamba maana hutegemea muktadha, ni la kweli lakini halimsaidii mwanafunzi, kwa kuwa muktadha nao una taratibu zake, na kazi ya mwalimu ni kuzionyesha taratibu hizo.

Asili ya neno haina utata. Limetoka katika Kiarabu, na halikuja peke yake bali lilikuja na ndugu zake. Kiswahili kilipokea "ajabu", kikapokea "taajabu" na "staajabu", kisha chenyewe kikazaa "staajabisha", "staajabia", "mastaajabu" na "maajabu". Mtu akitazama vizuri ataona kwamba "taajabu" na "staajabu" zimenyambuliwa mwanzoni mwa neno, jambo ambalo si la kawaida kwetu, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hunyambuliwa mwishoni: pika, pikia, pikisha. Maneno hayo mawili yaliingia yakiwa yameshanyambuliwa kwa kanuni za kwao, nasi tukayachukua jinsi yalivyo na kuyaongezea viambishi vyetu. Huko kwao mzizi huo haubebi mshangao peke yake. Mwarabu anayetaka kusema kwamba kitu fulani kimempendeza hutumia kitenzi cha mzizi huo huo, na katika mafundisho ya Kiislamu "ujub", ambalo nalo ni la ukoo huo, ni ile hali ya mtu kupendezwa na nafsi yake hadi akajiona. Kwa hiyo sura ya sifa na sura ya lawama zilikuwamo katika ukoo wa neno hili kabla halijavuka bahari. Hatukulipotosha sisi.

Sasa niseme ninachokiamini, nanyi mnipinge mkiona sivyo. Ajabu hukaa kwenye kitu. Mshangao hukaa kwa mtu anayekitazama kitu hicho. Maneno haya mawili huelezwa kana kwamba ni pacha, na vitabu vingi vya wanafunzi huyaweka bega kwa bega kama visawe, lakini lugha yenyewe huyatenganisha kwa uangalifu mkubwa. Tunasema "nimeshikwa na mshangao", hatusemi "nimeshikwa na ajabu". Tunasema "jambo la ajabu", ilhali "jambo la mshangao" hulikwaza sikio. Ile alama tunayoiweka mwishoni mwa sentensi yenye hisia kali tunaiita alama ya mshangao, wala haijapata kuitwa alama ya ajabu, kwa maana inaonyesha hali ya msemaji na si hali ya kinachosemwa. Na wazee wetu wanapomtuliza mtu humwambia "usione ajabu". Ajabu huonwa, kwa hiyo iko nje ya mwonaji, kama vile mlima ulivyo nje ya macho yanayoutazama.

Maneno mengine ya ukoo wa mshangao yanathibitisha hayo. Mtu "hupigwa na butwaa", "hushikwa na bumbuwazi", "huduwaa", "hutunduwaa". Yote ni mambo yanayoupata mwili: mtu hupigwa, hushikwa, hukosa la kufanya, mdomo ukabaki wazi. Tena mengi kati yake yamesogeleana sana na upumbavu, na hili linafaa kutazamwa. Mtu anayeshangaa sana katikati ya soko la Mwanjelwa ataambiwa aache kushangaashangaa, na anayemwambia hana nia ya kumsifu kwa kuvutiwa na bidhaa. Lawama ya namna hiyo humwangukia mtazamaji. Ajabu yenyewe haiguswi.

Hapa kwetu nyanda za juu kusini tuna mahali pazuri pa kulipima neno hili. Kule Mbozi, ambako tangu mwaka 2016 ni mkoa wa Songwe na si Mbeya tena, kuna kimondo kilichotulia juu ya ardhi ya kijiji cha Ndolezi. Ni bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, na uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na tani 16. Sehemu yake kubwa, kiasi cha asilimia 90, ni chuma, na inayofuata kwa wingi ni nikeli. Habari zake ziliwafikia watu wa nje mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wakiishi nacho kabla ya hapo. Anayefika pale mara ya kwanza hushangaa, na anayeishi hatua chache kutoka pale hashangai tena; hupita na jembe lake begani akienda shambani. Lakini mwulize mwenyeji huyo kama kimondo ni kitu cha ajabu, naye atakujibu bila kusita kwamba ndiyo, ni cha ajabu. Mshangao wake umekwisha siku nyingi, na ajabu ya kimondo iko pale pale.

Nikirudi kwenye swali la sifa na lawama, maoni yangu ni kwamba "ajabu" maana yake ya msingi ni kupita kipimo. Kila kitu kina kipimo chake kinachozoeleka, na kinachokipita kipimo hicho ni cha ajabu. Mlima, ziwa, ua au jiwe havina kipimo cha tabia, kwa hiyo vikizidi tunavisifu. Mtu ana kipimo cha tabia, nacho ni utu na desturi za watu anaoishi nao, kwa hiyo tukisema tu kwamba mtu ni wa ajabu bila kutaja kilichozidi, msikilizaji hupima tabia yake na kuona kwamba amekiuka. Mwenyezi Mungu hana kipimo, ndiyo maana "wa ajabu" kwake ni sifa tupu. Na pale neno linapofuata kivumishi, kama katika "mrefu ajabu", "mchoyo ajabu", "mpole ajabu", kivumishi kimeshachagua njia, nalo neno "ajabu" linaongeza mwendo tu katika njia hiyo. Kwa sababu hiyo, "mchoyo ajabu" ni lawama na "mpole ajabu" ni sifa, na hakuna mwenye shaka juu ya lolote kati ya hayo mawili.

Matumizi ya "cha ajabu" au "ajabu ni kwamba" mwanzoni mwa sentensi sitayajadili kwa urefu. Hayo hufanya kazi ya kuunganisha, yakituonya kwamba linalofuata halipatani na lililotangulia: "Mvua ilinyesha usiku kucha, cha ajabu, mto haukujaa." Hapo kipimo kilichopitwa ni matarajio yetu.

Naomba kuwasilisha.

#2. Mchangiaji, Iringa

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa mada iliyoandikwa kwa utulivu. Nakubaliana na wewe kuhusu kukaa kwa mshangao ndani ya mtu, ila nina mawili ya kuuliza.

La kwanza ni kuhusu binadamu. Umesema kwamba mtu akiitwa wa ajabu bila maelezo, msikilizaji hufikiria kasoro. Lakini sisi tuliolelewa kanisani tumelisoma neno hili likimhusu binadamu kwa sifa. Zaburi ya 139, aya ya 14, inasema: "Nitakushukuru kwa kuwa nimeumbwa kwa jinsi ya ajabu ya kutisha." Pale hakuna lawama hata kidogo, na anayesemwa ni mtu mwenye mwili na damu. Tena nimevutiwa na jinsi "ajabu" na "kutisha" zilivyowekwa pamoja, maana siku hizi tumeitenga hofu mbali na uzuri, na kijana akisoma mstari huo hudhani kuna kosa la uchapaji.

La pili ni kuhusu "muujiza". Katika mji wetu kila nguzo ya umeme ina tangazo la ibada ya miujiza, na matangazo mengine yanasema "maajabu na miujiza" kana kwamba ni kitu kimoja kilichotajwa mara mbili. Je, kuna tofauti ya kweli, au ni mapambo ya lugha?

Niongeze pia jambo la kwetu. Pale Isimila, kando ya barabara ya kuja huko Mbeya, kuna nguzo za udongo na mchanga zilizochongwa na mmomonyoko zikasimama kama minara, na chini yake bondeni zimelala zana za mawe za watu wa Zama za Mawe za Kale. Zana hizo zilitambuliwa mwaka 1951, na uchimbaji wa kitaalamu ulifanyika miaka ya mwisho ya 1950 chini ya mtafiti Mmarekani F. Clark Howell. Nimewapeleka pale vijana wa ukoo wetu, na nimeona wote wanashangazwa na nguzo, ambazo ni kazi ya maji na upepo, wakati wachache sana wanashangazwa na shoka la jiwe, ambalo ni kazi ya mkono wa mtu. Kwangu mimi shoka ndilo la ajabu zaidi. Basi kama ajabu hukaa kwenye kitu, mbona hatuioni sote mahali pamoja?

#3. Mchangiaji, Tukuyu

Ndugu wa Iringa amenitangulia katika swali ambalo nami nilikuwa nalo, ila mimi nitalisukuma mbele zaidi, kwa sababu sikubaliani na mleta mada katika msingi wa hoja yake. Nasema kwamba ajabu haikai kwenye kitu. Ajabu inakaa kati ya kitu na ujuzi wa anayekitazama, na ujuzi ukibadilika ajabu huondoka.

Mfano wangu ni kipunji. Tumbili huyu anaishi katika misitu ya mlima Rungwe na ya Livingstone, na vilevile kuna wengine katika milima ya Udzungwa. Watafiti walimtambua mwaka 2003, wakamtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005, na mwaka 2006 wakampa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi la viumbe wa karibu, Rungwecebus, kwa sababu hakufanana vya kutosha na tumbili yeyote aliyejulikana. Jenasi mpya ya tumbili wa Afrika ilikuwa haijapatikana tangu mwaka 1923. Kwa wataalamu hao lilikuwa jambo la ajabu kabisa. Lakini jina "kipunji" wamelipata kwa nani? Wamelipata kwa wawindaji wa kwetu, waliokuwa wakimjua mnyama huyo, sauti yake na mahali anapolala. Kwa mwindaji hakuwa wa ajabu, alikuwa tumbili miongoni mwa tumbili wengine. Mnyama ni mmoja, msitu ni mmoja, na siku ni moja. Kama ajabu ingekuwa mali ya kitu, mwindaji na mtafiti wangeiona sawasawa.

Tazameni pia majina yetu. Lile daraja la mwamba linalopita juu ya mto Kiwira, ambalo wataalamu wanaeleza kwamba ni lava ya volkano iliyoganda kisha maji yakajitafutia njia chini yake, sisi tunaliita Daraja la Mungu. Uwanda wa Kitulo, ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa na ambao majira ya mvua hufunikwa na maua kila upande, watu huuita Bustani ya Mungu. Hakuna aliyesema "daraja la ajabu" wala "bustani ya ajabu". Wazee hawakuona haja ya kulitumia neno hili. Walimtaja mwenye kazi, wakanyamaza. Nadhani walijua kwamba ajabu hupungua kadiri mtu anavyozoea, na jina linapaswa kudumu.

#4. Mleta mada, Mbeya

Nawashukuru nyote wawili. Hoja za namna hii ndizo nilizozitamani, nami nitazijibu moja baada ya nyingine, nikianza na ile nzito ya ndugu yangu wa Tukuyu.

Mfano wa kipunji ni mzuri, lakini naomba tuangalie ni nini hasa kilichowatofautisha mwindaji na mtafiti. Mtafiti alishangaa na mwindaji hakushangaa. Hilo halina ubishi, na ndilo nililosema kuhusu mshangao. Ajabu ya kipunji ni nini? Ni kwamba hana ndugu wa karibu wa jenasi yake popote Afrika. Ajabu hiyo ilikuwapo msituni siku zote, hata mwindaji alipompita kipunji bila kumgeukia. Alichokosa mwindaji ni kipimo cha kumpimia, yaani habari za tumbili wa nchi nyingine zote. Mtu asiye na mizani hawezi kusema mzigo ni mzito kuliko mizigo mingine ya dunia, lakini uzito wa mzigo haumsubiri yeye apate mizani. Kwa hiyo ujuzi hauiondoi ajabu kama ulivyosema. Katika habari ya kipunji, ujuzi ndio ulioifunua.

Nakubali hata hivyo kwamba ajabu huhitaji shahidi ili itajwe, na Kiswahili kinalijua hilo. Zaburi ya 118, aya ya 23, inamalizia hivi: "nalo ni ajabu machoni petu." Mtunzi wa zaburi angeweza kuishia kwenye "nalo ni ajabu". Ameongeza macho, na kwa kufanya hivyo ameweka kila kimoja mahali pake, ajabu kwenye neno lililotendeka na macho kwa watu waliolishuhudia. Hili ndilo jibu langu pia kuhusu shoka la jiwe la Isimila. Nguzo inajieleza yenyewe kwa ukubwa wake, kwa hiyo kila mwenye macho anaipima mara moja. Shoka linamtaka mtazamaji awe na mizani ya muda mrefu uliopita na ya akili ya aliyelichonga. Vijana wako hawajanyimwa ajabu ile, hawajapewa kipimo. Wape kipimo, mchana mmoja tu, waache washike jiwe la kawaida mkono mmoja na picha ya shoka mkono wa pili, na wajaribu wenyewe kupata ukali ule kwa kugonganisha mawe.

Kuhusu Zaburi ya 139, naiona ikiwa upande wangu. Anayesema pale hasemi kwamba yeye ni mtu wa ajabu. Anasema ameumbwa kwa jinsi ya ajabu, na kinachosifiwa ni kuumbwa kwake, kazi ya Muumba, wala si mwenendo wake. Mwenendo haujaguswa. Ukibadilisha maneno kidogo tu, ukamfanya aseme "mimi ni mtu wa ajabu", zaburi inaharibika papo hapo. Nimefurahi kwamba umeligusa neno "kutisha", kwa kuwa nami naliona kuwa ni hazina. Kinachopita kipimo kabisa humfanya mtu ajione mdogo, na kujiona mdogo ni jirani wa hofu. Ndivyo anavyojisikia aliyesimama ukingoni mwa Ziwa Ngosi, akatazama chini kuta za kreta zilizofunikwa na msitu na maji yaliyotulia ndani yake. Ni pazuri na panatisha, na hakuna neno jingine la Kiswahili linalobeba mambo hayo mawili kwa pamoja bila kuyatenganisha. "Uzuri" hauyabebi, na "kioja" ndiyo kabisa hakiyabebi.

Muujiza na ajabu vina tofauti ya kweli. "Muujiza" limetoka katika mzizi mwingine wa Kiarabu, mzizi wa kushindwa na kutoweza. Mzizi huo huo ndio uliotupa "ajizi", lile neno la methali isemayo kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Muujiza basi ni tendo linalowashinda wengine wasiweze kulitenda, na kwa kawaida hutajwa kama ushahidi wa nguvu au wa utume wa anayelitenda. Fimbo kugeuka nyoka mbele ya Firauni ni muujiza, kwa maana wachawi walishindwa. Ua lililochanua Kitulo si muujiza, halimshindi mtu wala halithibitishi utume wa mtu, lakini ni la ajabu. Kwa hiyo kila muujiza ni wa ajabu, na si kila la ajabu ni muujiza. Matangazo yanayoandika "maajabu na miujiza" hayajakosea lugha, ila wanaoyaandika wangefanya vyema kujua kwamba wameahidi mambo mawili.

Na kwa kuwa tumemtaja Firauni, ile methali ya "ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni" inastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko tunavyoisoma. Watu huitumia kumaanisha kwamba kuna kubwa zaidi linakuja, na kwa matumizi ya kila siku hiyo inatosha. Lakini angalieni vitenzi. Ya Musa "unayastaajabu", ya Firauni "utayaona". Kitenzi cha heshima kimewekwa kwa Musa, na Firauni ameachiwa kitenzi kitupu cha macho. Sijui methali nyingine iliyozitenganisha sura mbili za jambo hili kwa maneno machache kiasi hicho: kuna yanayopita kipimo kwa nguvu za Mungu, na kuna yanayopita kipimo kwa kiburi cha mtu.

Mwisho, kuhusu majina. Hoja yako kwamba jina lazima lidumu ni ya kweli, lakini neno "ajabu" nalo limedumu katika jina mashuhuri. Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga kule Unguja jumba ambalo Waarabu waliliita Beit al-Ajaib, nasi tukaliita Jumba la Maajabu. Ndilo lililokuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, na watu walikwenda kuzitazama. Umeme hauna wa kumshangaza leo, na sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, lakini jina halijabanduka. Hakuna anayelitaja akidhani anasema uongo.

#5. Mchangiaji, Makambako

Mwalimu, nimejifunza mengi, lakini naomba uteremke kidogo kwenye matumizi, maana tatizo letu linatokea mbele za watu. Juzi katika msiba wa jirani yetu, mzee wa ukoo alisimama kusoma wasifu wa marehemu akasema: "Mama huyu alikuwa mtu wa ajabu." Alikusudia kumsifu, na wazee wenzake walimwelewa hivyo, wakaitikia kwa kichwa. Vijana waliokaa nyuma walitazamana, na mmoja wa wafiwa alikasirika waziwazi. Je, mzee alikosea, au vijana ndio wasiojua lugha?

Na swali dogo: kwa nini "nashangaa" ni maneno ya kawaida, ilhali "nakushangaa" ni ugomvi?

#6. Mleta mada, Mbeya

Poleni sana kwa msiba, ndugu yangu.

Nianze na swali dogo kwa kuwa linaliangazia kubwa. "Nashangaa" inaeleza hali yangu na inaishia kwangu. Ukiingiza kiambishi cha mtendwa, "nakushangaa", umemfanya mtu kuwa ndiye chanzo cha hali hiyo, na kwa sababu mtu hupimwa kwa tabia, msikilizaji anajua mara moja kwamba tabia yake ndiyo iliyopimwa ikaonekana imepungua. Linganisha na "nakustaajabia", ambalo halichokozi mtu. Kauli ya kutendea imeliinua, na mtu anaweza kuambiwa hivyo akashukuru. Ndiyo maana huwa nawashauri wanafunzi wangu wasiliache "staajabia" lipotee, kwa kuwa ndilo kitenzi chetu cha kutazama kwa heshima, na tukilipoteza tutabaki na "kushangaa" peke yake, ambalo limechoka kwa kubeba mambo mengi.

Mzee hakukosea. Alizungumza Kiswahili cha watu waliosikia "Mshauri wa ajabu" kila Krismasi tangu utotoni, katika kitabu cha Isaya, na ambao kwao "wa ajabu" lilibaki na mwanga wa maneno hayo. Vijana nao wanalijua Kiswahili, ila ni Kiswahili cha mjini ambamo "wa ajabu", likisemwa kwa mtu, limebakiwa na upande wa lawama tu. Mimi nasikitishwa na kupungua huko. Neno linapopoteza upande wake wa sifa, watu hawapati jingine la kujaza nafasi hiyo. Wanarudi kwenye "mzuri sana", na "sana" halina uwezo wa kusema kwamba mama huyu aliwapita wengine kwa namna ambayo hatuwezi kuielezea. Ningependa vijana wafundishwe upande ule, shuleni na hata misibani, kabla waliolishika hawajaondoka wote.

Lakini msibani si darasani, na mfiwa aliyeumia hawezi kuambiwa akasome kamusi. Kwa hiyo msomaji wa wasifu na aitaje sifa kwanza, kisha alilete neno. Aseme "alikuwa na ukarimu wa ajabu", au "alikuwa na subira ya ajabu katika ugonjwa wake", au "alikuwa mpole ajabu". Hapo kipimo kimetajwa, njia imechaguliwa, na hakuna atakayebaki akijiuliza ni kitu gani kilichozidi. Kama mkutano mzima ni wa wazee wa kanisa, "mama wa ajabu" itapokelewa vizuri jinsi ilivyo. Kama kuna vijana wengi na wageni kutoka mjini, mzee aanze na ukarimu, na waombolezaji wote watamwelewa.